Tui na Tembo: Mnazi Katika Nyumba za Pwani

Mnazi mrefu wa Afrika Mashariki ukistawi vizuri hutoa karara jipya karibu kila mwezi. Karara likiachwa lipasuke lenyewe, maua yake huwa vidaka, kisha vitale, madafu na makoroma, na baada ya mwaka hivi kole zima huwa tayari kuanguliwa. Likifungwa kamba kabla halijapasuka na ncha yake ikakatwa, hutiririsha utomvu mtamu ambao kabla ya jua kutua umeshakuwa tembo. Karara moja haliwezi kutoa vyote viwili. Mwenye mti ndiye anayeamua liende jikoni au liende kibuyuni, na uamuzi huo umegusa mapishi, biashara, mahari, matanga na sheria za watu wa pwani kwa karne nyingi.

Mti wenyewe ni mgeni. Kwa kuwa nazi huelea, watu husema ililetwa na mawimbi tu, lakini uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2011 unaonyesha mkono wa binadamu. Minazi ya dunia imegawanyika katika koo mbili kubwa, moja ya Bahari ya Hindi na nyingine ya Pasifiki, na minazi ya Madagaska na Komoro ina damu ya koo zote mbili. Hiyo ni alama ya mabaharia wa Kiaustronesia waliovuka kutoka visiwa vya Asia ya Kusini-Mashariki wakiwa na nazi chomboni, ambazo safarini ni maji ya kunywa na chakula, na zikifika pwani ni mbegu. Ndio hao walioiachia Madagaska lugha yake.

Kufikia karne ya 10 nazi ilikuwa imezoeleka. Al-Masudi, mwandishi wa Baghdad ambaye safari yake ya mwisho kutoka kisiwa cha Qanbalu ilikuwa karibu na mwaka 916, aliandika kwamba visiwa vya nchi ya Zanj vina minazi na kwamba watu wote wa Zanj hula nazi. Wanahistoria wengi huamini Qanbalu ilikuwa Pemba. Kisiwa hichohicho kimewapa wanaakiolojia ushahidi mwingine wa chakula: huko Tumbe, mji wa karne ya 7 hadi ya 10, mabaki ya nafaka ni uwele kwa wingi, na huko Chwaka, mji uliofuata tangu karne ya 11, mpunga unaongezeka hadi kushika nafasi ya mbele. Wali wa nazi, ambao leo unahesabiwa kuwa chakula cha asili kabisa cha pwani, haukuwa mlo wa kila nyumba kabla ya karne hizo. Nazi ilikuwapo, lakini sufuria bado ilikuwa ya uwele na mtama.

Ibn Battuta alipopita mwaka 1331 alieleza meza ya Mogadishu kwa uchu wa msafiri mwenye njaa. Alilishwa wali uliopikwa kwa samli, juu yake kuku, nyama, samaki na mboga, pembeni ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na achari za ndimu na embe. Mombasa alikuta watu wakila zaidi ndizi na samaki. Katika meza hizo tui halikutajwa. Maelezo yake marefu ya nazi, jinsi inavyotoa maziwa, mafuta na asali, aliyaweka Dhofar, upande wa Arabuni. Hilo halishangazi sana: Mogadishu ni lango la nchi ya ng'ombe na ngamia, na samli ilikuwa karibu kuliko tui.

Ushahidi ulio wazi zaidi ni wa mwaka 1505, mwaka ambao meli za Mreno Francisco de Almeida ziliiteka Kilwa na kuichoma Mombasa. Hans Mayr, Mjerumani aliyekuwa katika msafara huo, aliandika habari za Kilwa na kuupa mnazi nafasi nzuri. Alisema nazi zake ni kubwa kama matikiti, nyuzi za makumbi husokotwa kamba zote za vyombo, maji yake hunywewa, nyama yake huliwa na ikikaushwa hutoa mafuta mengi. Kisha akaongeza jambo ambalo wageni wengi wa baadaye hawakulitambua: divai na siki ya mji ule hutoka katika minazi isiyozaa nazi. Mayr labda alidhani ni aina mbili za miti. Yaelekea alikuwa ameona minazi inayogemwa, miti ileile ambayo makarara yake yalikuwa yameuzwa kwa kibuyu.

Wareno walileta pia, kwa njia ya Brazil na bahari zao, mimea ambayo bila hiyo jiko la pwani haliwezi kufikirika leo: muhogo, mahindi, pilipili kali, nyanya, maharage. Mingine ilichukua muda mrefu kuenea. Kwa hiyo muhogo wa nazi wa futari, kisamvu kilichotiwa tui na maharage ya nazi ni vyakula vya baada ya mwaka 1500, na pengine vya baadaye sana. Samaki, ndizi na magimbi kwa tui vinaweza kudai ukongwe zaidi. Tui lilivipokea vyakula vya mbali, likavipa ladha moja, na baada ya vizazi vichache hakuna aliyekumbuka kwamba muhogo ulivuka bahari ya Atlantiki.

Njia ya kulipata tui imebadilika kidogo mno, na inafaa kutazamwa kwa karibu. Mkwezi huangua nazi na mara nyingi hulipwa kwa nazi zenyewe. Nazi hufuliwa kwenye kifuo, chuma au mti uliochongwa ncha na kusimikwa ardhini, kisha hupasuliwa kwa pigo la mgongo wa panga huku maji yake yakikingwa bakulini. Mkunaji hukalia mbuzi, kibao cha kukunja chenye ulimi wa chuma wenye meno, akakizungusha kifuu kwa viganja viwili. Mjuzi husikia kwa mlio kwamba amekaribia kifuu na kuacha, maana gamba la kahawia likichanganyika tui huwa jeusi na wageni watajua. Nazi iliyokunwa hutiwa maji ya vuguvugu kidogo na kukamuliwa kwa mkono au katika kifumbu, mfuko uliosukwa. Linalotoka kwanza ni tui zito, kasimile. Maji yakiongezwa na kukamuliwa tena, hupatikana tui la pili, jepesi. Machicha yanayobaki hutupiwa kuku.

Mpangilio wa matui hayo mawili ndio ufundi wenyewe. Tui jepesi hutangulia, likapikia mchele, mboga au samaki hadi viive. Kasimile huingia mwisho na hukorogwa bila kusita lisije likakatika. Wali ukikaribia kukauka hufunikwa na kupaliwa, yaani makaa ya moto huwekwa juu ya kifuniko ili uive kutoka pande zote mbili, na chini ya sufuria hubaki ukoko ambao katika nyumba nyingi una wenyewe tangu mapema. Samaki wa kupaka huchomwa kwanza ndipo apakwe tui lililochemshwa na tangawizi, pilipili na ndimu mpaka likaganda. Mbaazi za nazi na mahamri zimekuwa kifungua kinywa cha Mombasa na Lamu kiasi kwamba mji mzima unaweza kutajwa kwa harufu yake. Mwezi wa Ramadhani nazi hupanda bei kila mwaka; muuzaji anajua, mnunuzi anajua, na hakuna anayeacha kununua.

Nyumba yenyewe nayo ilivikwa mti huo. Makuti yaliezeka paa, chelewa zikawa ufagio, kifuu kilichotiwa mpini kikawa upawa na kata ya maji, mafuta yakapakwa nywele na kuwashwa taa. Makumbi yalifukiwa katika mashimo ya pwani kwa miezi hadi yalainike, yakapondwa na kusokotwa kamba, kazi ambayo wanawake wa Makunduchi na Jambiani upande wa kusini wa Unguja bado wanaifanya. Kwa kamba hizo ndiyo mitepe ya visiwa vya Lamu ilishonwa ubao kwa ubao bila msumari mmoja.

Karne ya 19 iliifanya nazi bidhaa ya dunia. Wakati Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman, alipohamishia makao yake Unguja, jina kubwa lilikuwa karafuu, lakini mashamba yake na ya matajiri wa Kiarabu na Kiswahili yalikuwa na minazi mingi pia. Baada ya mapatano na Ufaransa ya mwaka 1844, wafanyabiashara wa Marseille walianza kununua mbata, nazi iliyokaushwa, kwa ajili ya viwanda vyao vya sabuni. Nazi ambayo zamani ilikunwa nyumbani au kupelekwa sokoni jirani sasa ilikuwa na bei iliyopangwa Ulaya. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja na kuangusha mikarafuu na minazi kwa wingi. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo karafuu ikawa zaidi ya Pemba. Unguja, wenye mashamba wengi waliendelea na mnazi, mti unaovumilia mchanga na chumvi ambavyo mkarafuu hauvitaki.

Mnazi ulikuwa pia njia ya kuhesabu mali. Katika desturi ya pwani mti na ardhi vinaweza kuwa na wenyewe tofauti: mtu alipanda minazi kwenye ardhi ya mwingine kwa ruhusa, akairithisha wanawe, akaiweka rehani au kuiuza bila kuigusa ardhi. Shamba lilitajwa kwa idadi ya miti yake. Mnazi mrefu huanza kuzaa ukiwa na miaka 6 au 7 na unaweza kuendelea kwa miaka 60 na zaidi, hivyo aliyeupanda aliwapandia wajukuu. Desturi hiyo imezaa kesi nyingi mahakamani, na haijaisha.

Upande wa pili wa karara ni mgema. Kazi yake huanza kwa kulifunga karara changa ili lisipasuke na kuliinamisha polepole kwa siku kadhaa. Kisha hukata ncha kwa kisu chenye makali sana, ukataji mwembamba kama karatasi, na kutundika kibuyu chini yake. Hupanda mti huohuo asubuhi na jioni, pengine na adhuhuri, kila mara akiondoa kipande chembamba kingine ili jeraha lisizibe. Utomvu unaoshuka asubuhi ni tembo tamu, karibu bila kilevi chochote. Hamira ya hewani huanza kazi mara moja, jioni tembo huwa na povu, na kesho yake ni kali. Likikaa zaidi huchacha kuwa siki. Wapishi wa pwani walivitumia vyote vitatu: tembo tamu lilichemshwa kuwa asali nzito, lililoanza kuumuka likawa chachu ya unga kabla ya hamira ya dukani, na siki ikaingia katika achari. Lililotoneshwa kwa moto liliitwa zarambo, na hilo lilikuwa la wenye vichwa vigumu.

Kwa hiyo si kweli kwamba tembo lilikuwa la makafiri tu na tui la Waislamu, ingawa watu wa mjini walipenda kulieleza hivyo. Katika miji ya mawe, mnywaji alikwenda pembezoni, mashamba ya watumwa yalikuwa na vilabu vyake, na methali ya mgema anayesifiwa akalitia tembo maji ilitungwa na watu walioijua bidhaa hiyo vizuri. Hata hivyo tofauti ya heshima ilikuwa kubwa. Mjini tembo lilifichwa. Nyuma ya Mombasa na Malindi, kwenye vilima vya Wamijikenda, liliwekwa mbele ya wazee.

Huko tembo, uchi wa mnazi, lilikuwa kiungo cha kila jambo la nyumbani. Posa ilipelekwa na kibuyu, mahari ilikamilishwa na vibuyu, na matone ya kwanza yalimwagwa chini kwa ajili ya koma, roho za waliotangulia, kabla ya yeyote kunywa. Kesi za wazee zilifunguliwa na kufungwa kwa tembo. Lilinywewa kutoka katika mboko, kibuyu cha kunywea, kwa mrija wenye kichujio mwishoni wa kuzuia wadudu na makapi, na mpangilio wa nani anyonye kwanza ulieleza umri na cheo bila maneno. Warabai, kundi mojawapo la Wamijikenda, ambao vilima vyao vinapata mvua nzuri, walijulikana kwa tembo bora na kuliuza kwa majirani wenye nchi kame. Johann Ludwig Krapf, mmisionari wa Kijerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844 na kuanzisha kituo Rabai mwaka 1846, alilalamika kwamba tembo liliwashika wazee kuliko mahubiri yake. Hakuona kwamba vikao vile vya unywaji ndivyo vilivyokuwa baraza lao la utawala.

Serikali ya Kiingereza ilimfuata Krapf katika kulalamika, kwa sababu nyingine. Maofisa walitaka mbata ya kusafirisha, kodi ya fedha na vijana wa kufanya kazi mashambani kwa walowezi. Mti unaogemwa hautoi mbata, na mtu anayeishi kwa kuuza tembo nyumbani hana haja ya mshahara. Ugemaji ukawekewa leseni, sheria ya kuhifadhi minazi ikatungwa, na mgema akawa mtu wa kujieleza mbele ya askari. Wagiriama, kundi lingine la Wamijikenda, ambao mwaka 1913 na 1914 walipinga utawala huo wakiongozwa na Mekatilili wa Menza, hawakupigania tembo peke yake, lakini madai ya vibarua na kodi yaliyowachosha yalitoka katika hesabu ileile iliyouona mnazi wao kuwa uvivu uliosimama wima. Sheria ya kuhifadhi minazi ilibaki vitabuni Kenya nusu karne baada ya uhuru, hadi ilipofutwa na Sheria ya Mazao ya mwaka 2013.

Mvutano wa mbata na tembo ulielezwa vizuri na David Parkin, mwanaanthropolojia wa Kiingereza aliyefanya utafiti Kaloleni, kwa Wagiriama, miaka ya 1960 na kuchapisha kitabu mwaka 1972. Wakati huo minazi ilikuwa ikihama mikono. Mtu aliyefiwa au aliyetakiwa mahari aliweka rehani miti yake, na mwenye fedha akaikusanya mmoja mmoja hadi akawa na shamba la mbata. Mnunuzi hakuwa na hati. Ushahidi wake ulikuwa vinywa vya wazee waliohudhuria mauziano. Ili wazee wasimsahau ilimpasa aonekane matangani, anywe nao na awanyweshe, gharama ambayo ingeweza kuimaliza faida yake yote. Baadhi ya vijana waliokuwa wakitajirika waliugua, mganga akatambua kwamba wamepandwa na pepo wa Kiislamu anayedai wasilimu, nao wakasilimu. Tangu hapo tembo na nyama isiyochinjwa kwa kisomo vikawa haramu kwao, na hakuna aliyeweza kuwalaumu kwa kuacha kunywa, maana walikuwa wagonjwa. Ni miongoni mwa maelezo ya werevu zaidi yaliyowahi kuandikwa juu ya jinsi mtu anavyoweza kujitoa katika karamu za jamii yake bila kumkosea mtu.

Nusu ya pili ya karne ya 20 iliupunguzia mnazi nguvu za soko. Mafuta ya mawese ya Asia na mafuta ya mbegu yaliishusha mbata, na viwanda vikageukia huko. Tanzania Bara ugonjwa wa kunyong'onyea uliangusha minazi kwa maelfu katika mikoa ya pwani, na chonga, mdudu mwenye pembe anayetoboa kilele, alimaliza mingi iliyobaki. Mpango wa taifa wa kuendeleza minazi ulioanza mwaka 1979, na kituo chake cha utafiti Mikocheni, Dar es Salaam, ulijaribu aina fupi kutoka Malaya na chotara zake. Matokeo yalikuwa ya kukatisha tamaa: mnazi mrefu wa wenyeji, ulioonekana wa kizamani, mara nyingi ulistahimili ugonjwa kuliko wageni wake. Mashamba mengi yaliyokuwa ukingoni mwa Dar es Salaam na Mombasa yamekuwa viwanja, na mbao za minazi mizee zimeingia katika samani na kuta za hoteli.

Jikoni, mbuzi imepata washindani. Sokoni Dar es Salaam na Mombasa kuna mashine za kukunia kwa umeme, nyumba nyingi husaga vipande vya nazi katika blenda, na tui la boksi na la unga limejaa madukani. Wapishi wazoefu hulitumia siku ya haraka na kulilaumu siku ya wageni, kwa kuwa limechanganywa sawasawa na halina kasimile wala tui la pili la kupangia mapishi. Muscat, ambako maelfu ya familia zenye asili ya Unguja na Pemba zilihamia baada ya Mapinduzi ya 1964 na hasa baada ya 1970, tui la boksi na nazi za Kihindi ndizo zinazoushikilia wali wa nazi na samaki wa kupaka, na watoto wasiozungumza Kiswahili vizuri huvijua vyakula hivyo kwa majina yake.

Tembo nalo halikwenda popote. Kilifi, kaunti yenye minazi mingi kuliko nyingine yoyote Kenya, mgema mzuri hupata fedha kila siku, ilhali mwenye kungoja nazi hungoja zamu ya kuangua kila baada ya miezi miwili au mitatu. Madumu hushushwa kutoka Rabai na Kaloleni kabla ya alfajiri, kwa kuwa tembo haliwezi kungoja, na kufikia saa nne asubuhi mangwe, vilabu vya tembo vya Mombasa, huwa zimeshaanza kupima. Wenye viwanda wamejaribu kulitia katika chupa, lakini chachu huendelea kufanya kazi ndani yake, na likichemshwa ili chachu ife, hupoteza ule ukali mwepesi unaowaleta wanywaji.